Njia ya Kivu na Bwana Asiyekuwepo

Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, Nyiragongo unabaki mkono wa kushoto na moshi wake. Mkono wa kulia unasimama Mikeno, mlima wa majabali uliochongoka, na nyuma yake Karisimbi, mrefu kuliko yote ya Virunga. Mwaka 1921 ulipita pande hizo msafara wa Wamarekani waliokuwa wakimtafuta gorila wa milimani, mnyama ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemjua kwa miaka isiyofika 20. Wawindaji wa Kizungu na wapagazi wao hawakuwa jambo geni Kivu. Jambo geni lilikuwa katikati ya msafara: mtoto wa kike wa miaka 6 kutoka Chicago, jina lake Alice Bradley.

Njia hiyo naifuata kwa sababu ya kilichotokea miaka 55 baadaye, mbali kabisa na Kivu. Kwa karibu miaka tisa wapenzi wa bunilizi za kisayansi huko Marekani walikuwa wakimsoma mwandishi aliyejiita James Tiptree Jr., wakimsifu na kubishana juu yake. Wengi wao hawakuwa na shaka kwamba ni mwanamume. Ukiwauliza wamejuaje, jibu moja lilikuwa ni Afrika: bwana huyu amekulia kwenye kambi za uwindaji, anajua bunduki, anajua pori. Kuhusu Afrika walikuwa sahihi.

Turudi kwanza mlimani. Kiongozi wa msafara alikuwa Carl Akeley wa makumbusho ya historia ya asili ya New York, fundi aliyejua kuzitengeneza ngozi za wanyama hata ukadhani wanapumua. Aliandamana na Herbert Bradley, wakili wa Chicago, na mkewe Mary Hastings Bradley, aliyekuwa tayari mwandishi wa riwaya. Walikuwamo pia yaya wa mtoto na katibu wa Akeley, wote wanawake. Walishukia Cape Town, wakapanda kaskazini hadi Ziwa Tanganyika, kisha Kivu.

Kuwepo kwa wanawake hakukuwa bahati nasibu. Akeley alikwisha kuamini kwamba gorila ni mnyama mpole anayesingiziwa ukatili, na kwamba njia ya kuwakatisha tamaa wawindaji wa kutafuta sifa ni kuwaonyesha kuwa hata mwanamke asiye na uzoefu anaweza kumpiga risasi gorila akarudi salama. Sifa ya ujasiri ingeyeyuka. Hoja yenyewe ina kichekesho chake cha uchungu: mwanamke analetwa mlimani ili kazi ionekane rahisi. Mwishowe wanawake hawakuua gorila hata mmoja. Mmoja wa madume walioangushwa alipigwa na Herbert Bradley. Ngozi zikasafirishwa New York, na leo watoto wa shule huzitazama nyuma ya kioo. Akeley mwenyewe akawa mpigania hifadhi. Mwaka 1925 Wabelgiji walitangaza mbuga waliyoiita kwa jina la mfalme wao Albert, ambayo leo ni Virunga, na mwaka uliofuata Akeley alirudi, akafa na kuzikwa huko huko mlimani.

Mary Bradley aliandika safari yake katika On the Gorilla Trail, kilichotoka 1922. Familia ilirudi Afrika mara mbili tena, na mwaka 1927 mama akatoa kitabu cha watoto, Alice in Jungleland, ambacho mhusika wake mkuu ni bintiye. Yaani msichana alipokuwa na miaka 12 alikwisha kuwa mtu wa kitabuni: jasiri, mchangamfu, kipenzi cha wapagazi na wanyama. Kila aliyekutana naye Chicago alikuwa ameshamsoma. Mtu aliyeanza maisha hivyo, akisomwa kabla hajafungua kinywa, haishangazi kwamba baadaye alitafuta pa kujificha.

Maisha yake ya kati nitayapita haraka, ingawa yangejaza kitabu, na yameshajaza kimoja, kile cha Julie Phillips cha 2006. Alichora picha, akaolewa mapema, akaachika. Mwaka 1942 aliingia jeshini na kufunzwa kusoma picha zilizopigwa kutoka angani. Ufaransa mwaka 1945 aliolewa na afisa mwenzake, Huntington Sheldon, ambaye marafiki walimwita Ting. Walifuga kuku New Jersey, kisha wote wawili wakaitwa kwenye shirika la ujasusi, CIA, yeye akaacha kazi mwaka 1955. Mwaka 1967 alipata udaktari wa saikolojia. Alikuwa na miaka 51, hana mtoto, ana vyeti, na ana hadithi kadhaa za sayari za mbali alizoziandika kwa kuibia saa za usiku.

Hadithi hizo alitaka kuzituma kwa wahariri kwa jina ambalo lisingemharibia heshima chuoni. Siku moja yeye na mumewe wakiwa dukani, macho yake yakaangukia chupa ya jemu ya machungwa ya Kiingereza yenye chapa ya Tiptree. Akasema: James Tiptree. Mume akaongezea: Jr. Mambo yakaishia hapo. Mwaka 1968 hadithi ya kwanza ikachapishwa, na zilizofuata hazikukawia.

Wasomaji walimpenda bwana huyu mara moja. Aliandika kwa kasi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kambi, viwanja vya ndege na ofisi zenye milango isiyo na vibao. Alijibu barua kwa taipureta yenye utepe wa buluu, kwa uchangamfu na utani, lakini anwani yake ilikuwa sanduku la posta la McLean, Virginia, mji jirani na makao makuu ya CIA. Simu hakuwa nayo. Mikutano ya waandishi hakuhudhuria. Jeffrey Smith, kijana wa Baltimore aliyekuwa akitoa jarida la mashabiki, alimhoji kwa barua, na Tiptree akamweleza habari za utoto wa safari, Afrika na India, za vita, za mama yake msafiri aliyezeeka Chicago. Karibu yote yalikuwa kweli. Alichoacha kusema ni kimoja tu, na hicho hakuna aliyemuuliza moja kwa moja.

Desemba 1973 ikatoka The Women Men Don't See, hadithi ya wanawake wasioonwa na wanaume. Ndege ndogo inaanguka kwenye vinamasi vya pwani ya Quintana Roo, Mexico. Ndani yake mna Don Fenton, mtumishi wa serikali ya Marekani anayekwenda kuvua samaki. Mama mmoja, Ruth Parsons, na binti yake Althea. Na rubani wa Kimaya, Kapteni Esteban. Fenton ndiye msimuliaji, na mwanzoni wanawake wale hata hawaoni sawasawa: kwake ni vivuli viwili kwenye viti vya nyuma. Anapoanza kuwaona, anawaona kama watu wa kuokolewa au kutamaniwa. Ruth anamweleza kwa utulivu kwamba haki za wanawake ni zile ambazo wanaume wameamua kuwaachia, na zitaondoka siku wanaume wakipata shida. Kisha wanatokea viumbe wa sayari nyingine. Fenton anachomoa bastola kuwalinda wanawake. Ruth anawaomba wale viumbe wamchukue yeye na binti yake, na wanaondoka. Fenton anabaki na chupa yake, hajaelewa hadi mwisho ni nini kingemfanya mwanamke aone afadhali wageni wasiojulikana kuliko dunia anayoijua.

Wasomaji walitikisika. Sifa zikamiminika kwa mwanamume aliyewajua wanawake kiasi hicho, na hadithi ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha tuzo ya Nebula. Hapo Tiptree akafanya jambo lililowashangaza wengi: akaiondoa. Sababu ya kweli alikuwa nayo moyoni. Aliona tuzo hiyo ingekuwa ya mwanamume anayepongezwa kwa kuwaelewa wanawake, na yeye asingeweza kuipokea bila kuongopa.

Mimi nikiisoma leo, macho yangu hayakai kwa Fenton na Ruth peke yao. Yanamtafuta Esteban. Ndiye anayeendesha ndege, ndiye anayeumia, ndiye mwenyeji wa ardhi ile, na Fenton anamuona kwa jicho la dharau lililofichwa ndani ya sifa. Nadhani jicho hilo Alice alilijua tangu Kivu. Wapagazi waliobeba mahema, chumvi ya kuhifadhia ngozi na masanduku ya bunduki kupanda Mikeno na Karisimbi wamo kwenye vitabu vya mama yake, lakini wamo kwa wingi wao, kama sehemu ya mandhari, huku kila Mzungu akiwa na jina na tabia zake. Msichana mdogo alikaa miezi katikati ya watu waliofanya kazi yote na ambao hakuna aliyewatazama usoni. Wahakiki wa miaka ya 1970 hawakuligusa hilo hata kidogo. Walikuwa na shughuli ya kumpima jinsia mwandishi.

Uvumi ulikuwapo kwamba Tiptree ni mwanamke. Mwaka 1975 Robert Silverberg, mwandishi mwenye jina na msomaji wa miaka mingi, aliuzima katika utangulizi wa Warm Worlds and Otherwise, mkusanyo wa pili wa Tiptree. Alisema fikra hiyo haina maana. Kwamba riwaya za Jane Austen zisingeweza kuandikwa na mwanamume, wala za Hemingway na mwanamke, na kwa namna hiyo hiyo za Tiptree ni za mwanamume. The Women Men Don't See aliiita hadithi ya kifeministi kwa dhati, iliyosimuliwa kwa namna ya kiume kabisa. Silverberg amechekwa kwa maneno hayo hadi leo, na naona anaonewa kidogo, maana alikuwa akiandika yale ambayo wengine walikuwa wakiyasema. Sifa ya uanaume aliyoisikia kwenye sentensi ilikuwa sauti ya mtu aliyepita jeshini na ofisi za siri. Hakufikiria kwamba wanawake nao walipita huko.

Sasa weka kando ya kitabu hicho kingine kilichotoka mwaka ule ule, The Female Man cha Joanna Russ. Hiki ni riwaya kamili, na hakuna aliyejiuliza kama mwandishi wake ni mwanamke. Wanawake wanne kutoka dunia nne wanakutana, na majina yao yote yanaanza kwa J: Jeannine, Joanna, Janet na Jael. Janet anatoka Whileaway, dunia ambako wanaume walikwisha kutoweka zamani na hakuna anayewakumbuka kwa uchungu. Jael anatoka dunia ambako wanaume na wanawake wako vitani, na yeye ni muuaji. Russ alikuwa ameumaliza mswada miaka kadhaa kabla haujapata mchapishaji. Ndani ya kitabu chenyewe aliweka, mapema, orodha ya matusi na lawama ambazo alijua wahakiki wangemtupia: kwamba ana kelele, kwamba amejaa uchungu, kwamba hiki si kitabu. Wapo wahakiki waliozitupa kweli, wakitumia maneno yale yale aliyokwisha kuwaandikia.

Kilikuwa na wapenzi wake, tusiseme uongo. Kiliteuliwa kuwania Nebula, na wanawake wengi vijana wa wakati ule walikipitisha mkono kwa mkono. Lakini tazama mizani. Anachosema Ruth Parsons kwenye kinamasi na anachosema Russ katika riwaya yake havikupishana sana. Kwa Tiptree kiliitwa ufahamu wa kina. Kwa Russ kiliitwa hasira. Ukinitaka nichague kilicho bora kisanaa nitasita, maana Russ anachosha katikati na Tiptree ana ujanja wa kukuvuta hadi mwisho. Tofauti ya mapokezi, hata hivyo, haikutokana na usanii.

Mkasa wenyewe ulinoga zaidi kwenye barua. Jeffrey Smith aliitisha mjadala wa barua kuhusu wanawake katika bunilizi za kisayansi, akauchapisha mwaka 1975 katika jarida lake Khatru. Walioshiriki ni vigogo: Ursula K. Le Guin, Russ, Vonda McIntyre, Suzy McKee Charnas, Kate Wilhelm na wengine, na miongoni mwao wanaume wachache, Samuel Delany na Tiptree. Bwana Tiptree akashauri kwamba badala ya kuongea juu ya mwanamume na mwanamke, ingefaa kuchunguza mienendo miwili ya binadamu, wa kiume na wa kulea, na kwamba huu wa pili haujaeleweka bado. Wanawake wakamjia juu. Kwao alikuwa mzee mwenye nia njema anayewaeleza wanawake umama ni nini. Russ, ambaye nje ya mjadala waliandikiana kwa upendo, alimkaripia bila kumpaka mafuta. Baadaye Tiptree akajiondoa. Fikiria Alice Sheldon mezani kwake McLean, akisoma barua za wanawake wenzake wakimwambia kwamba yeye, kwa kuwa mwanamume, hawezi kuelewa.

Wakati huo alikuwa ameanza kuandika pia kwa jina la kike, Raccoona Sheldon, naye Tiptree akimsaidia kwa kumsifia rafiki yake huyo kwa wahariri. Mwaka 1976 McIntyre na mwenzake Susan Janice Anderson walitoa Aurora: Beyond Equality, mkusanyo wa hadithi za dunia yenye usawa. Ndani yake mna Houston, Houston, Do You Read? ya Tiptree, ambamo wanaanga watatu wa kiume wanaibukia wakati ujao ambako ni wanawake tu waliobaki. Humo humo mna hadithi ya Raccoona kuhusu msichana anayetembea usiku mjini akiamini dunia ni salama kwake. Wahariri hawakujua kwamba wameweka mtu mmoja mara mbili. Ile ya Tiptree ilipata Nebula na kugawana tuzo ya Hugo.

Oktoba 1976 Mary Hastings Bradley alifariki Chicago. Tiptree, kwa huzuni, aliwaandikia marafiki kwamba mama amekufa. Kosa likawa hapo. Jeffrey Smith alikwisha kujua kwamba mama huyo alikuwa msafiri wa Afrika, na wanawake wa Chicago waliowahi kupanda milima ya Kongo kutafuta gorila hawakuwa wengi. Alitafuta tanzia katika Chicago Tribune, akaipata. Ilitaja mtoto mmoja tu aliyeachwa na marehemu, binti, Alice Sheldon. Njia ya Kivu, iliyowathibitishia wasomaji kwamba Tiptree ni mwanamume, ndiyo iliyomtoa nje.

Smith aliuliza kwa barua, kwa adabu, na Alice akakubali. Kabla habari haijaenea aliwaandikia mwenyewe watu wachache, miongoni mwao Le Guin na Russ, akihofu kwamba angepoteza marafiki. Le Guin alishangilia, na mwaka 1978 aliandika utangulizi wa mkusanyo wake uliofuata. Russ naye alizidi kumpenda. Silverberg alikubali hadharani, kiungwana, kwamba alikosea. Nimeona wakisifiwa wote hao kwa moyo mkubwa, na wanastahili. Ila Alice mwenyewe hakushangilia. Aliona kwamba pamoja na jina lile amepoteza mamlaka yake, kwamba bwana aliyesikilizwa amekufa na amebaki bibi kizee wa Virginia. Aliendelea kuandika, riwaya mbili zikiwamo, na wasomaji wengi walisema kazi za baadaye hazina makali ya zile za kwanza. Sijui waliosema hivyo walikuwa wakisoma hadithi au wakisoma jina jipya. Baadhi ya hadithi hizo kweli ni dhaifu.

Tarehe 19 Mei 1987 Alice Sheldon alimpiga risasi mumewe, aliyekuwa na miaka 84 na karibu kipofu, kisha akajipiga mwenyewe. Wapo waliosema ni mapatano ya wawili. Wapo waliouliza kama mume aliulizwa usiku ule.

Mwaka 1991 waandishi Pat Murphy na Karen Joy Fowler walianzisha tuzo kwa jina la Tiptree, kwa bunilizi zinazopanua fikra kuhusu jinsia, na fedha zilichangishwa kwa kuuza keki na biskuti, kwa utani wa makusudi. Mwaka 1996 tuzo hiyo iliangalia nyuma na kuvitunuku vitabu vya kale, The Female Man kikiwamo. Russ akapata tuzo yenye jina la yule bwana ambaye yeye mwenyewe alimkaripia. Mwaka 2019 wasomaji, wakiwamo watu wenye ulemavu, walihoji kwa nini tuzo ibebe jina la mtu aliyemuua mgonjwa aliyemtegemea. Walezi wa tuzo kwanza walisita, kisha mwaka huo huo wakaibadilisha ikawa Otherwise. Kwangu walifanya sawa, na hilo halizipunguzii hadithi chochote.

Hadithi zake bora zimo katika Her Smoke Rose Up Forever, mkusanyo uliotoka 1990, na The Women Men Don't See ni mojawapo. Mfasiri wa Kiswahili anayetafuta kazi fupi yenye uzito aanze na hiyo. Watu wa Rutshuru, Goma na Bukavu wana haki ya kujua kilichotoka kichwani mwa mtoto aliyepitishwa kwao. Namuomba mfasiri huyo jambo moja tu: jina la mwandishi aliweke ukurasa wa mwisho, baada ya hadithi.